Bustani ya mboga nyumbani, kuanzia mvua za Desemba hadi kiangazi cha Oktoba

Mwezi Februari, katika vijiji vingi vya Dodoma na Singida, mboga haiuziki. Mlenda umejiotea pembezoni mwa shamba, majani ya kunde yako tele, maboga yametambaa mpaka njiani. Rudi kijiji hichohicho mwezi Oktoba. Mboga za majani zinatoka mjini kwa basi, au kwa mtu mmoja mwenye kisima bondeni. Fungu limepungua, bei imepanda, na nyumba nyingi zimebaki na mlenda mkavu, dagaa, au maziwa kwa wenye ng'ombe.

Tuseme unanunua fungu la shilingi 500 kila siku kwa miezi minne ya kiangazi kikali. Hizo ni shilingi 60,000, na bado kila mtoto anapata kijiko kimoja cha mboga pembeni ya ugali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa kununua tu, familia ya kawaida kijijini haifiki huko.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuendesha bustani ndogo ya nyumbani mwaka mzima katika maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, yaani Dodoma, Singida na maeneo mengine yanayofanana nayo. Wewe uliyeko Kilimanjaro, Tanga au Pwani, ambako kuna vuli na masika, kazi ni zilezile ila miezi inabadilika na kiangazi chako ni kifupi. Unaweza kusoma na kusogeza tarehe.

Anza na maji, si na mbegu

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Katikati ya msimu, mara nyingi Januari au Februari, mvua hukatika kwa wiki mbili au zaidi. Kuanzia Mei hadi Novemba kila tone la bustani linatoka kwenye ndoo. Ndiyo maana watu wengi huanzisha bustani nzuri mwezi Mei na kuiacha ikauke Agosti: walihesabu mbegu, hawakuhesabu ndoo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwenye jua la kiangazi, mboga huhitaji takriban lita 4 hadi 6 za maji kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 lina mita za mraba 5. Kwa hiyo tuta moja linataka lita 20 hadi 30 kwa siku, yaani ndoo moja hadi moja na nusu. Matuta manne ni ndoo nne hadi sita. Kila siku, na Jumapili pia.

Sasa jiulize maji yako mbali kiasi gani, na nani anayachota. Katika nyumba nyingi ndoo hizo ziko kichwani mwa mama na mabinti. Baba anayesema "tulime matuta sita" bila kusema nani atabeba ndoo tisa za jioni, hajapanga bustani bado. Mkalie jambo hili kama familia kabla ya kushika jembe. Kama kuna baiskeli au punda wa kubeba madumu, hapo hesabu inabadilika.

Maji yaliyokwisha kutumika yanasaidia sana. Maji ya kuoshea mboga, mchele na mikono yanafaa moja kwa moja. Ya kuoshea vyombo yanafaa pia, mradi sabuni si nyingi na yasiwe na mafuta mengi. Yamwage kwenye udongo, si juu ya majani, na usiyatumie kwa mboga zinazoliwa mbichi kama karoti na nyanya za kachumbari. Ya kufulia nguo yenye sabuni nyingi ya unga au dawa ya kung'arisha, yaache. Familia ya watu sita inaweza kupata ndoo moja au mbili za maji ya namna hii kwa siku, na hilo ni tuta zima limepata maji bila safari ya ziada kisimani.

Maji ya bati je? Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 30 likinyeshewa milimita 20 linatoa lita 600, ukitoa yanayopotea unabaki na kama 500. Ni mengi, lakini simtanki la lita 1,000 likimwagilia matuta mawili linaisha ndani ya wiki tatu. Kwa maoni yetu maji hayo yawe ya kunywa na kupikia. Kwa bustani, faida yake ni kuokoa miche pale mvua inapokatika Februari.

Jambo jingine la kanda hii ni chumvi. Baadhi ya visima vina maji ya chumvi au magadi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo baada ya maji kukauka, na kingo za majani zinaungua, ndiyo dalili. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii. Spinachi huvumilia vizuri, na sukuma wiki kiasi. Kwa maji ya namna hii, kumwagilia kidogokidogo kila siku ni kosa, kwa sababu chumvi inabaki juu kwenye mizizi. Ni bora kumwagilia kwa kushibisha udongo, kisha kupumzika siku moja au mbili. Mvua za Desemba zitasafisha chumvi iliyobaki.

Sehemu, uzio na udongo

Chagua sehemu ya karibu na jikoni. Bustani iliyo umbali wa dakika kumi haimwagiliwi usiku unapoingia, na mbuzi wanaijua kabla yako. Baada ya mavuno ya mtama na alizeti mifugo huachiwa mashambani, na mbuzi mmoja anamaliza kazi ya miezi miwili wakati wewe uko kisimani. Uzio wa miiba uliofungwa vizuri unatosha kwa msimu mmoja. Minyaa ni uzio wa kudumu, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, basi watoto wasiachiwe kuikata. Kuku wanahitaji kizuizi cha chini: mabua ya mtama yaliyosimamishwa kwa kubanana, bila upenyo.

Matuta ya mvua na matuta ya kiangazi si ya namna moja. Wakati wa mvua udongo huinuliwa sentimita 15 hadi 20 ili maji yasituame. Wakati wa kiangazi ni kinyume: unachimba chini sentimita 15 hadi 20, unaweka kingo pande zote, na mboga zinakaa kwenye beseni. Maji hayakimbii, upepo haupigi udongo moja kwa moja. Watu wengi huendelea kupanda kwenye matuta yaliyoinuliwa mwezi Julai kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, na nusu ya maji yao huteremka kwenye njia. Kama kuna jambo moja la kubadili mwaka huu, badili hilo.

Samadi ya ng'ombe au mbuzi ichukuliwe iliyooza, ambayo haina joto wala harufu kali. Samadi mbichi huunguza miche na huleta magugu. Weka madebe mawili kwa tuta la mita 5 na uchanganye na udongo wa juu. Ya kuku ni kali zaidi, hivyo nusu debe linatosha, nayo iwe imekaa miezi miwili au mitatu. Majivu kidogo yanafaa, ila usiweke kila wiki, na mahali penye maji ya magadi usiweke kabisa.

Juu ya yote, tandaza. Nyasi kavu, mabua yaliyokatwakatwa, maganda ya karanga, chochote kisicho na mbegu za magugu. Matandazo ya unene wa vidole vinne hupunguza maji yanayopotea kiasi kwamba tuta la kila siku linaweza kumwagiliwa siku moja kwa mbili. Mchwa watakuja. Mara nyingi wanakula nyasi kavu na kuuacha mche mbichi, kwa hiyo ongeza matandazo, yasiguse shina, na usonge mbele.

Desemba hadi Machi: mboga za asili

Huu ndio msimu ambao ghala liko karibu tupu na mahindi bado machanga. Mboga ndiyo chakula cha kwanza kutoka shambani. Majani ya kunde huanza kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupanda, na ya maboga wiki ya tano au sita. Chuma majani machanga na uache ncha ya mmea, usichume zaidi ya theluthi moja kwa wakati, la sivyo hutapata kunde wala maboga.

Mchicha una mbegu ndogo kama vumbi. Changanya na mchanga mkavu, sia kwenye mistari yenye nafasi ya sentimita 20 hadi 30, funika kwa udongo mwepesi usiozidi sentimita 1, kisha nyasi kidogo ambazo utaziondoa mara mche unapochomoza. Baada ya wiki tatu punguza kwa kung'oa, na hiyo ndiyo mboga ya kwanza. Inayobaki ikatwe, ukiacha shina la sentimita 10 hadi 15 lichipue tena. Usisie tuta zima siku moja. Sia nusu, na nusu nyingine baada ya wiki mbili, ili usile mchicha siku kumi mfululizo kisha ukose kabisa.

Mgagani, mnavu na mlenda havihitaji kubembelezwa. (Wasikilizaji wa Kenya wanaujua mgagani kwa jina la saga na mnavu kwa jina la managu.) Watu wengine huona aibu kupanda mboga "ya porini" kwenye tuta, wakaweka kabichi ambayo inaoza kwa mvua na kuliwa na viwavi. Mboga za asili zimezoea udongo huu na ukame wa Februari, na kwa lishe hazishindwi na kabichi. Huko Tengeru, Arusha, Kituo cha Mboga Duniani kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kukusanya na kuboresha mbegu za mchicha, mnavu, mgagani na nyanya chungu. Kama wataalamu wanahangaika nazo kiasi hicho, hazistahili kudharauliwa na aliyezizoea tangu utoto.

Bamia hupandwa moja kwa moja, mbegu zilizolowekwa usiku mmoja, nafasi ya sentimita 40 hadi 50. Huanza kuzaa karibu na miezi miwili. Ichume ikiwa na urefu wa kidole, kila siku mbili, kwa sababu ikikomaa mmea unaona kazi imekwisha na unaacha kuzaa.

Nyanya kwenye mvua hatuzishauri kwa bustani ya familia. Kati ya Januari na Machi majani hayakauki, bakajani huingia, na bila dawa kila wiki hupati kitu. Nyanya chungu ni bora zaidi. Mbegu zake zilizosiwa kitaluni mapema Novemba zinahamishwa baada ya wiki tano au sita, mvua zikiwa zimeanza, na mmea unaotunzwa utazaa mpaka ndani ya kiangazi.

Mwezi wa mavuno ni mwezi wa kukausha

Machi na mwanzo wa Aprili mboga ni nyingi kuliko midomo. Hapa ndipo Oktoba inapookolewa. Bibi zetu wa Ugogoni walijua hili siku nyingi, na njia yao bado ni nzuri ikirekebishwa kidogo.

Osha majani ya kunde, maboga au mchicha, yapitishe kwenye maji yanayochemka dakika mbili hadi tatu, yachuje, kisha yatandaze yasilaliane. Mahali pawe pa kivuli penye upepo, au juani lakini yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa chepesi cheusi. Jua kali likiyapiga moja kwa moja huharibu vitamini A na rangi yake hufifia. Yatandaze kwenye kichanja au chekeche, si chini wala juu ya bati, kwa sababu ya mchanga, kuku na inzi. Yamekauka yanapovunjika ukiyafinya. Yakijikunja bila kuvunjika yana maji bado na yataota ukungu. Hifadhi kwenye debe au ndoo yenye mfuniko, gizani.

Mlenda hauhitaji kuchemshwa kwanza. Kausha, ponda, chekecha.

Kiasi gani? Pima kwa chakula chako. Kama konzi mbili za majani makavu zinatosha mlo mmoja wa nyumba yako, na unataka milo miwili ya mboga kavu kwa wiki kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba, unahitaji milo 26, yaani konzi 52. Si kazi ya siku moja, lakini ni kazi ya wiki mbili za jioni. Upikapo, weka karanga za kusaga: mafuta yake husaidia mwili kuchukua vitamini A iliyo kwenye majani.

Aprili hadi Julai: msimu wa bustani hasa

Baridi ya Juni na Julai ya kanda ya kati ni rafiki wa mboga ambazo haziwezi joto: sukuma wiki, chainizi, figiri, spinachi, karoti, vitunguu, na nyanya pia. Magonjwa yamepungua kwa sababu mvua imekwisha, na udongo bado una unyevu wa chini.

Siri ya msimu huu ni kitalu cha Machi. Anayesubiri mvua iishe ndipo asie mbegu, anahamisha miche mwezi Juni na unyevu umekwenda. Sia vitunguu mwanzoni mwa Machi, maana vinakaa kitaluni wiki sita hadi nane. Sukuma wiki na nyanya zisiwe baada ya tarehe 20 Machi, zihamishwe baada ya wiki nne, miche ikiwa na majani manne au matano. Kitalu kiinuliwe, kiwe na paa jepesi la nyasi, na miche isibanane: ikibanana na kulowa sana, kinyausi huikata shingoni usiku mmoja. Siku saba kabla ya kuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli kidogokidogo ili izoee. Hamisha jioni.

Tuta la mita 5 linachukua miche 20 ya sukuma wiki katika mistari miwili, nusu mita kati ya mche na mche. Ukichuma majani mawili au matatu kwa kila mche kwa wiki, ni majani 40 hadi 60. Hiyo ni milo miwili au mitatu kwa familia ya wastani, kutoka tuta moja, kwa miezi mingi. Kwa nyanya, miche 10 iliyosimamishwa kwa miti inatosha mchuzi wa nyumbani. Karoti zisiwe palepale zitakapokulia, hazipendi kuhamishwa, na udongo uwe umelainishwa chini kwa kina cha jembe.

Vitunguu vikikomaa Agosti au Septemba, acha shingo zianguke zenyewe, acha kumwagilia, vuna, vianike kivulini na uvitundike penye upepo. Hiyo ni mboga isiyotaka tena maji wakati maji yanapokuwa adimu.

Wasio na nafasi wanaweza kutumia gunia. Changanya sehemu mbili za udongo na moja ya samadi iliyooza. Katikati pitisha mnara wa mawe madogo: weka kopo lisilo na tako, lijaze mawe, jaza udongo pembeni, vuta kopo juu, endelea mpaka juu. Toboa matundu pembeni kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20 na upande sukuma wiki au spinachi. Maji yote humwagwa juu ya mawe. Gunia lililobeba viuatilifu lisitumike.

Wadudu, na tahadhari ya dawa

Vidukari hujazana chini ya majani ya kunde na sukuma wiki. Ukiwaona kwenye jani moja au mawili, likate uwape kuku. Wakizidi, nyunyiza maji ya sabuni ya kipande, kiasi cha kutoa povu jepesi, jioni, na uguse upande wa chini wa majani. Majani mabichi ya mwarobaini yaliyotwangwa, kulazwa kwenye maji usiku kucha na kuchujwa, yanasaidia dhidi ya viwavi. Usitegemee wafe palepale: mwarobaini huwafanya waache kula, na unarudiwa kila wiki. Sota, anayekata miche usiku, hutafutwa asubuhi kwa kufukua udongo kando ya mche ulioanguka. Mara nyingi yuko hapohapo.

Kwenye nyanya adui mkubwa ni kantangaze, aliyegunduliwa nchini mwaka 2014. Anachimba ndani ya jani na ndani ya tunda, na dawa nyingi hazimfikii. Kwa miche kumi ya nyumbani, kazi ni kukagua kila siku mbili, kuchuma majani yenye vidonda vya utando na kuyachoma moto. Usiyatupe kwenye shimo la mboji.

Kuhusu viuatilifu vya dukani tunasema wazi. Kila kimoja kina siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo. Sukuma wiki na mchicha huchumwa kila baada ya siku chache, kwa hiyo mara nyingi hakuna nafasi ya kusubiri, na anayekula sumu ni mtoto wako. Dawa ya pamba au ya kuhifadhia mahindi isipigwe kwenye mboga kwa hali yoyote. Ikibidi kutumia dawa, muulize afisa ugani jina na kipimo kabla hujaenda dukani, na uikatae iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo.

Mizizi yenye vinundu kama shanga ni minyoo fundo. Haina dawa nyepesi. Usirudishe nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili wala mnavu mahali hapo, maana ni ukoo mmoja na zote zinashambuliwa. Panda vitunguu, na kwa msimu mzima ukiweza.

Agosti hadi Oktoba: kupunguza ili kubaki

Upepo unaanza, jua linarudi, foleni kisimani inakuwa ndefu. Huu ni wakati wa kuchagua, na ni uchaguzi mgumu kwa aliyezoea kuona matuta manne ya kijani. Ng'oa mchicha uliochoka, figiri iliyotoa maua, nyanya zinazomalizia. Baki na matuta mawili yaliyo karibu zaidi, yote ya kuzama, na uyape maji yote. Bustani mbili zilizoshiba zinalisha kuliko nne zenye kiu.

Ya kubaki nayo ni sukuma wiki, ambayo mizizi yake imeshashika, na nyanya chungu. Nyanya chungu iliyochoka ikatwe ibaki nusu, iwekewe samadi na maji, nayo itachipua. Matembele yapandwe pale maji ya kuogea yanapotokea, hayana makuu. Weka kizuizi cha mabua ya mtama upande upepo unakotoka, na kivuli chepesi cha nyasi juu ya nguzo za mita 1. Mwagilia jioni au alfajiri, kwenye shina. Kwa mche mmoja mmoja, chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kwenye mfuniko na kuzikwa kichwa chini kando ya mizizi inatoa maji taratibu.

Kwa miezi hii miti inazidi mboga. Mlonge uliopandwa wakati wa mvua unatoa majani bila ndoo, na ukikatwa juu hufanya matawi mengi ya kufikiwa kwa mkono. Kisamvu cha mpira nacho huvumilia ukame, ila kitwangwe na kichemshwe sana bila kufunikwa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo na jamaa zake yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na moto. Miti miwili ya mlonge na mmoja wa kisamvu kando ya uzio ni mboga ya siku ambazo kisima kimekauka. Anayepanda Desemba hii atakula Oktoba ijayo.

Mbegu za mwakani

Nunua mbegu kwenye duka linalojulikana, pakiti yenye tarehe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mbegu chotara ukizivuna na kuzirudisha hazitakupa mmea uleule. Za asili ni zako: acha mimea mitano ya mchicha iliyo bora kuliko yote, si ile iliyobaki baada ya kuchuma. Bamia iache mpaka ganda likauke kwenye mti. Nyanya chungu iive mpaka iwe nyekundu, ikamuliwe, mbegu zioshwe na kukaushwa kivulini. Ziweke kwenye chupa kavu pamoja na majivu yaliyopoa, ziba, andika jina na mwezi, na utundike mahali pa baridi, mbali na jiko.

Ikifika wiki ya kwanza ya Novemba, shusha kwanza mbegu za nyanya chungu, maana ndizo zinazohitaji wiki nyingi kitaluni. Za mchicha, bamia na kunde zisubiri mvua ya kulowanisha ardhi hadi kina cha kiganja. Ile ya kwanza ya vumbi huwadanganya wengi.